Laini za simu za ofisi zimewekewa kodeki ya kubana sauti na vipimo vya Marekani, kisha tunaambiwa tununue simu mpya

Ndugu wanajamvi,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaki kuificha. Kampuni inayotuuzia laini kumi za simu za ofisi hapa Dar es Salaam ilituondolea nyaya za shaba, ikatuletea faiba pamoja na kisanduku cha kugeuza sauti kuwa data, ikakiunganisha na switibodi yetu ya zamani (mtambo unaogawa simu ndani ya ofisi) iliyotengenezwa kwa viwango vya Ulaya, kisha ikaondoka. Tangu hapo wateja wanasikia sauti zao wenyewe zikiwarudia, namba wanazobonyeza ili kuchagua idara hazitambuliwi, na laini hubaki zimeshikiliwa hata baada ya mpigaji kukata. Jibu la huduma kwa wateja ni lile lile kila tukipiga: simu zenu zimechakaa.

Baada ya mvutano mrefu, fundi wao alikubali kufungua mipangilio ya kisanduku mbele yangu. Nchi iliyochaguliwa humo ni Marekani! Hakuna aliyejisumbua kugusa hata kipengele hicho cha kwanza, ambacho ndicho kinachobeba milio na vipimo vingine vyote vya laini. Mpigaji anapokata, kisanduku kinatoa mlio wa Kimarekani unaochanganya hezi 480 na 620, ilhali switibodi yetu inasubiri mlio mmoja wa hezi 425. Kwa kuwa hausikii, inaamini mazungumzo yanaendelea na haiachii laini. Impidansi nayo, yaani ukinzani wa laini kwa mawimbi ya sauti, imeachwa kwenye omu 600 tupu, wakati milango ya switibodi imepangiwa impidansi changamano ya Ulaya, na mahali pasipolingana ndipo sehemu ya sauti ya mpigaji inapogonga na kumrudia. Tulipolalamika kwamba sauti iko chini, waliiongeza kwa desibeli 6, na mwangwi nao ukapanda pamoja nayo. Hiyo ndiyo matengenezo tuliyopewa.

Linaloniudhi zaidi ni kodeki, yaani njia ambayo kisanduku hutumia kugeuza sauti kuwa data. Wameweka G.729, ile inayobana sauti, iwe chaguo la kwanza kwa laini zote, na G.711 ya aina ya mu, ile ya Amerika Kaskazini na Japani, iwe ya pili. Aina ya A, inayotumika Ulaya na katika sehemu kubwa ya dunia, haimo kabisa. Sababu waliyotoa ni kubana matumizi ya intaneti, kwa kuwa G.729 hutumia kilobiti 8 kwa sekunde na G.711 hutumia 64. Hesabu hiyo ni nusu ya ukweli, kwani kila paketi (kifurushi cha data) hubeba vichwa vyake, yaani maelezo ya kuifikisha inakokwenda: ukituma paketi kila baada ya milisekunde 20 kwenye Etheneti, G.729 hufika takriban kilobiti 31 na G.711 takriban 87. Laini zetu zote kumi zikizungumza kwa pamoja kwa G.711 hazifikishi hata megabiti moja kwa kila upande, na faiba tunayoilipia ni ya megabiti 20. Wanambania nani?

Hasara yake tunaiona kila mteja anapobonyeza namba. Tarakimu 5 ni milio miwili inayotoka kwa pamoja, hezi 770 na 1336, nayo G.729 imebuniwa kufuata namna koo na mdomo wa binadamu unavyotoa sauti. Ukiipitishia milio ya namna hiyo, inaikunja. Ndiyo maana kuna RFC 4733, kiwango cha intaneti kinachopeleka kila tarakimu kama taarifa katika paketi yake badala ya kuipitisha ndani ya sauti, na kisanduku chetu kina uwezo huo, ila umezimwa. Faksi sizungumzii; ilikufa siku ile ile.

Ninachodai si simu mpya. Nataka G.711 ya aina ya A iwe ya kwanza, tarakimu zipelekwe kwa RFC 4733, faksi ipite kwa T.38 (kiwango cha kupeleka faksi kama data), milio na impidansi vilingane na switibodi, desibeli zirudishwe zilipokuwa, na mipangilio yote ikabidhiwe kwetu kwa maandishi. Wao wameleta fomu ya kuthibitisha kwamba huduma imekamilika na inafanya kazi, wakitaka niitie saini kabla hawajagusa chochote. Sijasaini, na ankara ya mwezi huu sijalipa.