Scleromochlus awekwe wapi katika mti wa ukoo wa reptilia?

Swali
Ndugu zangu, nimekuwa nikisoma kuhusu Scleromochlus taylori, reptilia mdogo asiyezidi sentimita 20, aliyeishi mwishoni mwa kipindi cha Triasiki, zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, na ambaye visukuku vyake vilitoka katika mawe ya mchanga ya Lossiemouth, karibu na Elgin, kaskazini mwa Uskoti. Wengine humweka jirani na terosauria, wale reptilia walioruka kwa mabawa, na wengine humtoa kabisa katika kundi hilo. Inakuwaje mnyama mmoja avutwe huku na huku kwa zaidi ya miaka 100?

Jibu la kwanza
Ndugu, shida inaanzia kwenye jiwe lenyewe. Mifupa mingi ya mnyama huyu iliyeyuka zamani, ikaacha uwazi wenye umbo lake ndani ya jiwe, na tangu Arthur Smith Woodward alipompa jina mwaka 1907, watafiti walijaza uwazi huo ili wapate nakala ya kusoma. Nakala hizo zilionyesha vizuri kichwa kikubwa, mikono mifupi na miguu mirefu, lakini ncha za mifupa na maungio yake, ambayo ndiyo yanayoamua ukoo, hayakuonekana sawasawa. Friedrich von Huene alimhusisha na terosauria mwaka 1914; mwaka 2020 Christopher Bennett alimwona kama mrukaji mfano wa chura, aliye nje ya arkosauria, kundi kubwa lenye mamba, dinosauria, ndege na terosauria wenyewe. Wote wawili walitazama mawe yale yale.

Jibu la pili
Naongezea hatua iliyobadilisha mjadala. Mwaka 2022 Davide Foffa na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kupiga mawe hayo picha za eksirei za pande tatu, bila kuyavunja. Kichwa cha mfupa wa paja kilionekana kimepinda kama ndoana, kama ilivyo kwa lagerpetidi, kundi la reptilia wa kale ambalo tayari mwaka 2020 Martín Ezcurra na wenzake walikuwa wamelionyesha kuwa ndugu wa karibu wa terosauria. Kwangu mimi ushahidi huu una uzito kuliko mabishano yote yaliyotangulia.

Jibu la tatu
Nakubali, ila naomba tusimwite babu wa terosauria. Hakuwa na bawa wala kidole kirefu cha kulibeba. Ni binamu aliyebaki ardhini, awe ndani ya lagerpetidi au pembeni yao.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Nitarekebisha maelezo niliyowaandalia wanafunzi wangu, na neno «babu» nitalifuta.