Waliowatilia shaka waita roho wa Marekani karne ya 19 walitumia hoja gani?

Maalim wa Wete

Assalaam alaykum, wanabaraza. Nasomesha historia katika skuli ya sekondari huku Wete. Tulipofika kwenye habari za Margaret na Kate Fox, wasichana wa kijiji cha Hydesville, jimbo la New York, ambao Machi 1848 walidai kwamba milio ya kugonga iliyosikika nyumbani kwao ilitoka kwa roho ya mtu aliyekufa, mwanafunzi mmoja aliuliza ikiwa hakukuwa na mtu aliyewapinga. Suali lake ni la haki, kwani imani ile ilienea upesi hata mwaka 1854 watu wapatao 15,000 wakatia saini ombi la kulitaka Baraza la Seneti lichunguze jambo hilo, na Baraza likaliweka kando. Kwetu Pemba mtu huamini kuwa majini wapo, kwa sababu Qur'ani imewataja, na papo hapo akasema mganga fulani ni mwongo, wala haoni mgongano wowote. Je, Wamarekani wenye shaka walikanusha kuwepo kwa roho, au waliwakanusha wale waliodai kuziita?

Mkaazi wa Ng'ambo

Waalaykum salaam, Maalim. Walikuwepo wa aina zote mbili, na ilikuwepo ya tatu: wahubiri wengi wa makanisa waliokubali kwamba huenda kuna nguvu inayosema, lakini wakasema ni ya shetani. Hao siwahesabu miongoni mwa wenye shaka, kwa kuwa ugomvi wao ulihusu nani anayesema. Shaka yenyewe hasa iliingia pale watu walipoanza kuuliza ni nani mwenye kuyapanga mambo ya chumbani: nani anazima taa, nani anakaa wapi, na miguu ya mwita roho iko wapi wakati milio inasikika.

Mfano ulio bora kuliko yote ni wa Buffalo, mapema mwaka 1851. Madaktari watatu wa huko, Austin Flint akiwa mmoja wao, walihudhuria kikao cha Margaret na dada yake mkubwa Leah, kisha wakaandika gazetini kwamba milio ile ilitoka kwenye viungo vya magoti. Walikuwa wamekwisha kumpata mwanamke mwengine wa mji huohuo aliyeweza kuvialisha viungo vyake akatoa mlio wa namna hiyo. Walipoitwa wathibitishe maneno yao, waliwakalisha dada wale vitini, miguu imenyooshwa mbele na visigino vimewekwa juu ya mito laini, ili mguu usipate mahali pagumu pa kujikaza. Wakangoja, na roho hazikugonga. Miguu iliporudishwa sakafuni milio ikarudi. Jaribio hilo halikuhitaji chombo chochote cha maabara, na ndiyo maana nalipenda: lilibadilisha kitu kimoja tu, kikao cha miguu, na likajibu.

Mwaka uo huo jamaa yao wa upande wa ndoa, Bi Culver, alitoa maelezo ya kiapo kwamba Kate alimfundisha kualisha vidole vya miguu, akamshauri aipashe miguu moto kwanza, na akamweleza jinsi ya kumtazama usoni mwenye kuuliza wakati anapotaja herufi moja moja ili roho igonge kwenye herufi ya jibu, kwa kuwa uso wake humwonyesha mgongaji herufi ya kusimamia. Wanaoifahamu ramli ya huku kwetu watalielewa jambo hilo bila kuelezwa zaidi: mteja huja na majibu yake mwenyewe, akayatoa bila kujua.

Bi wa Mkoani

Naongeza habari ya picha. William Mumler, mpiga picha aliyeanzia Boston, aliwauzia watu picha zenye vivuli vya jamaa zao waliokufa, na hii ilikuwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, vilivyoua mamia ya maelfu ya watu na kuzijaza nyumba msiba. Shaka ilianza pale baadhi ya watu wa Boston walipowatambua "wafu" wa pichani kuwa ni watu wazima walio hai, wanaotembea mjini. Mwaka 1869 alishitakiwa New York. P. T. Barnum, mwenye maonesho maarufu, alitoa ushahidi dhidi yake, na mpiga picha Abraham Bogardus alitengeneza kwa makusudi picha ya Barnum akiwa na kivuli cha Rais Lincoln, aliyekwisha kuuawa. Hata hivyo hakimu alimwachia Mumler kwa kukosa ushahidi wa kutosha, kwa sababu kuonyesha kwamba jambo linaweza kufanywa kwa hila hakukutosha mahakamani kuthibitisha kwamba mtu huyu alifanya hila hiyo. Miaka michache baadaye mjane wa Lincoln mwenyewe alipiga picha kwake, akapewa kivuli cha mumewe kimemshika mabega. Siwezi kumlaumu mama yule hata kidogo. Lawama yangu yote iko kwa aliyepokea fedha zake.

Kijana wa Malindi

Kwa heshima zote kwenu wakubwa, naona mmeiacha hoja nzito kuliko zote. Tarehe 21 Oktoba 1888, katika ukumbi wa Academy of Music mjini New York, Margaret mwenyewe alikiri mbele ya umma kwamba yote yalikuwa udanganyifu, akavua kiatu na kuitoa milio ile kwa kidole cha mguu, na madaktari wakapanda jukwaani kumkagua, huku Kate akiwa amekaa ukumbini humo. Mtu akishakiri, kuna haja gani ya mito ya Buffalo?

Mkaazi wa Ng'ambo

Ipo haja, mwanangu. Mwaka uliofuata Margaret aliukana ungamo wake, na waumini wakasema tangu hapo kwamba ni umaskini na ulevi uliomsemesha. Anayetegemea ungamo hulazimika kuamua lini mtu yuleyule alisema kweli, ilhali anayetegemea jaribio la miguu hahitaji kumwamini Margaret kwa lolote.

Ndiyo maana mimi naipa uzito zaidi tume ya Seybert. Henry Seybert, tajiri wa Philadelphia na muumini wa dhati, aliusia fedha kwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania kwa sharti kwamba imani hiyo ichunguzwe. Wajumbe walikaa na waita roho mmoja baada ya mwengine, akiwemo Henry Slade, aliyejulikana kwa maandishi yaliyotokea kwenye vibao vya kuandikia, nao wakaeleza jinsi vibao vilivyobadilishwa kwa vyengine vilivyokwisha kuandikwa. Ripoti yao ya awali ilitoka mwaka 1887, kabla Margaret hajakiri chochote. Maalim, ukiwa na kipindi kimoja tu, wasomeshe wanafunzi wako jaribio la Buffalo na ripoti hiyo, kisha ungamo uwape wakalijadili wenyewe.