Tuba ya bendi ya parokia: B flati ya rotari au E flati ya pistoni?

Katibu wa Bendi, Jinja

Salaam, ndugu wanamuziki. Parokia yetu imekubali kununua tuba moja mpya (ala kubwa ya shaba ya kupuliza, yenye sauti ya besi), na kamati imenituma niulize kabla malipo hayajatoka. Bendi ina korneti, tromboni na yufoniamu moja (kama tuba ndogo), wapigaji wengi ni vijana wa sekondari, na kazi zetu ni Misa za sikukuu, maandamano ya barabarani, na harusi, ambazo ndizo zinazotuletea fedha za matengenezo. Tuba mbili zimebaki mezani: ya kwanza ni B flati (tuba hutajwa kwa noti yake ya msingi) yenye vali nne za rotari, yaani za kuzunguka, ya mtindo wa Kijerumani, ya pili ni E flati yenye pistoni, yaani vali za kupanda na kushuka, tatu juu na ya nne ubavuni, ambayo muuzaji anasema ina mfumo wa fidia. Bei zake zinakaribiana. Atakayeipiga ametoka kwenye korneti. Je, tofauti hizi zina uzito gani kwa bendi kama yetu?

Mwalimu wa Muziki, Mbale

Ndugu Katibu, bomba la tuba ya B flati likinyooshwa hufika takriban mita tano na nusu, na la E flati takriban mita nne. Ile ndefu hutandaza sauti pana chini ya bendi nzima. Ile fupi huitika upesi na haimchoshi kijana. Bendi za Kiingereza, ambazo nyingi zetu zimefuata mtindo wake, huweka mbili za kila aina, lakini nyinyi mnanunua moja, nami ningechukua E flati.

Kuhusu fidia, muuzaji hakuwadanganya. Kila vali huongeza kipande cha bomba, na kipande hicho kimekatwa kwa kipimo cha tuba isiyobonyezwa. Mpigaji akishabonyeza vali ya nne, bomba zima limerefuka, kipande cha vali ya kwanza au ya pili hakitoshi tena, na noti za chini hupanda kupita mahali pake. Mwaka 1874 David James Blaikley wa kampuni ya Boosey, London, alilimaliza tatizo hilo kwa kuirudisha hewa ndani ya vali zile zile mara ya pili, ipite kwenye vipande vidogo vya nyongeza kila vali ya nne inapotumika pamoja na nyingine. Gharama yake ni uzito, pamoja na ugumu kidogo wa kupuliza huko chini kabisa.

Kijana wenu asiwe na hofu. Kwenye karatasi za noti za mtindo wa Kiingereza, zenye ufunguo wa G (ufunguo ni alama ya mwanzo wa mistari inayoonyesha kila noti ni ipi), vidole vya korneti ndivyo vidole vya tuba, iwe E flati au B flati. Akipewa karatasi ya ufunguo wa F, kwenye E flati ataisoma kana kwamba ni ufunguo wa G, kisha aongeze shapu tatu (alama za kupandisha noti kwa nusu hatua).

Besi Mstaafu, Kampala

Mwalimu amesema vyema, ila kwa maandamano bado napenda B flati, kwa sababu uwanjani besi nyembamba humezwa na ngoma. Hata hivyo, hiyo ya rotari siwashauri. Rotari hufanya kazi kwa ulaini sana, lakini kuifungua kunahitaji nyundo ya mbao na fundi anayejua anagonga wapi, na mafundi hao ni wachache. Pistoni kijana huifungua kwa mkono, akaiosha, akaipaka mafuta ya vali (ya kupikia hugandisha kila kitu, naomba mumwambie mapema) na akairudisha kwa kufuata namba iliyochorwa juu yake. Kama hakuna B flati ya pistoni nne kwa bei hiyo, basi chukueni E flati.

Katibu wa Bendi, Jinja

Asanteni sana, wazee wangu. B flati ya pistoni nne ipo, lakini kwa kuongeza nauli ya mzigo, ushuru na VAT ya asilimia 18 inatupita mbali. Tutaelekea kwenye E flati. Nitakapoipokea, niikague vipi?

Besi Mstaafu, Kampala

Vuta kipande cha kila vali polepole bila kubonyeza vali yenyewe, subiri kidogo, kisha bonyeza. Ukisikia mlio mfupi wa "po", vali inazuia hewa vizuri. Ikiwa kimya, inavuja, na tuba mpya haipaswi kuvuja. Peleka na kijana apulize noti ndefu kwa kila vali. Kipulizio nacho kiangalieni, kwa maana shina lake huja kwa unene tofauti, wa Kiingereza wa zamani, wa Kimarekani na wa Ulaya, na kisichokaa sawasawa huharibu hata tuba nzuri. Mwambieni muuzaji akitume pamoja na tuba, kiwe kimeshajaribiwa humo.