Monotype Corsiva kwenye kadi za harusi na vyeti: iendelee au tuiache?

Mleta mada: Wakuu habari za jioni. Hapa mezani nina kadi za mchango kadhaa na zote zimeandikwa kwa Monotype Corsiva, ile fonti ya herufi zilizolala kama mwandiko wa kalamu ya wino, tena HERUFI KUBWA TUPU kuanzia jina la bwana harusi mpaka namba ya mhazini. Hivi kwa nini tunafanyiana hivi?

Tuelewane, fonti yenyewe naipenda. Aliichora Patricia Saunders wa Monotype, kampuni ya kutengeneza fonti, mwaka 1991 akifuata mwandiko wa Italia wa karne ya 16, hasa wa Ludovico degli Arrighi aliyekuwa mwandishi wa nyaraka za Papa. Ule ulikuwa mwandiko wa kazi, mtu anaandika haraka na bado inasomeka, ndo maana herufi ndogo zake ni safi, nyembamba, zimekaa karibu karibu. Madoido yako kwenye herufi kubwa, zile zimechorwa zifungue neno basi. Sasa andika MWANAHAMISI yote kubwa uone, M inatupa mkono huku, W inajibu kule, N inaingia kwa jirani, mpaka ufike mwisho ushasahau ulikuwa unasoma nini.

Mchangiaji wa 2: Mkuu kadi ya harusi sio fomu ya benki bana. Mteja anataka ipendeze, na hii inakuja na Microsoft Office, kila kompyuta ya steshenari inayo. Ukimwekea Arial, ile fonti ya kawaida iliyosimama, anakwambia hili ni tangazo la mnada. Watu wameizoea na wakiiona tu wanajua hapa kuna shughuli, hiyo nayo ni kazi ya fonti.

Mchangiaji wa 3: Mi kwenye vyeti naitetea kabisa, jina la mhitimu pale katikati linapata hadhi yake. Ila namba ya cheti na tarehe hapana, ofisini tunapokea kopi ya kopi, vile vimistari vyembamba vishafutika tunabaki kukisia.

Mleta mada: Wa 3 umenimalizia. Na wa 2, hakuna aliyesema Arial kila mahali, majina ya maharusi yaacheni kwa Corsiva, herufi ya kwanza kubwa zinazofuata ndogo, yawe makubwa yapumue, ila ukumbi, saa na namba ya kutuma hela wekeni fonti ya kawaida iliyosimama. Mama yangu mdogo juzi kanipigia nimsomee namba ya mhazini, wino wa dhahabu juu ya karatasi ya krimu, vijiherufi vidogo vimelala, na hela alikuwa nayo mkononi anataka kuchanga. Mliomo humu wa steshenari, mteja akileta majina yote kubwa huwa mnamshauri au mnachapa tu alivyoleta?