Mazda MX-5 ya kwanza au Toyota MR2 ya pili kwa anayeanza?

Swali
Habari zenu, ndugu. Ninaishi Uingereza, na baada ya miaka mingi ya magari ya kifamilia nataka gari dogo la spoti la zamani, lenye gia za mkono na linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Nimebakiwa na mawili: MX-5 ya toleo la kwanza, ile ya taa za kufunuka, na MR2 ya toleo la pili. Sijawahi kuendesha gari la aina hii, na litalala nje mwaka mzima. Mnanishauri lipi?

Jibu la kwanza
Ndugu, yote mawili yalitoka mwaka 1989, lakini tabia zao ni mbali mbali. MX-5 ina injini mbele na haifiki tani moja, hivyo hata nguvu za farasi 115 hivi za injini ya lita 1.6 zinatosha kufurahisha, na nyuma inapoanza kuteleza dereva huhisi mapema na kuwahi kurekebisha usukani. MR2 imebeba injini nyuma ya viti: ukiingia kona kwa kasi, kisha ukashtuka na kuachia pedali ya mafuta ghafla, uzito huhamia mbele, tairi za nyuma hupoteza mshiko, na gari huzunguka kabla hujajua la kufanya. Toyota waliirekebisha suspensheni na kuongeza ukubwa wa magurudumu mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikatulia kiasi. Kwa barabara zenye mvua za huko, mimi nasema MX-5.

Jibu la pili
Mkuu amesema kweli kuhusu kona, ila MR2 isiogopwe kupita kiasi. Isiyo na tabo (kifaa cha kuiongezea injini nguvu), ikiwa na tairi nzuri na dereva mwenye subira, haina ukorofi huo kila siku, na injini yake ya 3S-GE ni ya ukoo mmoja na ile ya RAV4 za kwanza ambazo mafundi wa nyumbani wanazijua vilivyo. Yenye tabo iache kwanza. Toyota hawakuiuza rasmi Uingereza, kwa hiyo utakayoiona huko imeletwa kutoka Japani, na historia yake ni shida kuifuatilia.

Jibu la tatu
Mimi naangalia hilo la kulala nje. Katika MX-5, maji ya mvua kutoka kwenye paa lake la turubai hupita katika mirija midogo iliyo nyuma ya milango. Mirija ikiziba kwa majani na uchafu, maji huingia ndani ya kingo za chini ya milango, na kutu hula chuma kutoka ndani huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Kagua hapo, karibu na gurudumu la nyuma, kabla ya kuuliza habari za injini. Na ukikuta ya lita 1.6 iliyouzwa Uingereza kuanzia 1995, ujue ilipunguzwa nguvu hadi farasi 90 hivi. Tafuta ya lita 1.8.