Nyumba iko kilomita 8 kutoka Bagamoyo mjini, laini ya shaba ina toni lakini ADSL haishiki

Dau_la_Mbegani

Habari za leo wakuu.

Kuna nyumba kati ya Mbegani na Mlingotini inahitaji intaneti ya uhakika: watu wanne, kamera nne za ulinzi, na mikutano ya video karibu kila siku mchana. Kituo cha simu kiko Bagamoyo mjini. Kwenye ramani, mstari ulionyooka ni kilomita 8. Kwa kufuata barabara ni zaidi.

Laini ya zamani ya shaba ipo. Toni safi, maongezi hayana mikwaruzo. Ila ukichomeka modemu ya ADSL (intaneti kupitia waya wa simu), taa inamulika tu wala haitulii. Modemu tatu zimejaribiwa, matokeo ni yale yale. Fundi aliziunganisha nyaya mbili mwisho wa mjini, akapima ukinzani huku nyumbani: ohm 1,700. 4G ipo ya kubahatisha, vijiti viwili, jioni inakufa kabisa.

Njia nyingine iliyopo ni nyumba ya ndugu mjini yenye faiba ya Mbps 50. Antena ikikaa juu ya paa lake itakuwa mita 15 kutoka ardhini. Huku nyumba ni ya chini, na mita 200 mbele yake, upande wa kuelekea mjini, kuna minazi inayofika mita 18. Ukishaivuka minazi ni ufukwe, mikoko na maji.

Je, shaba inaweza kuokolewa? Na kama ni redio (antena mbili zinazorushiana intaneti kati ya nyumba hizo), mlingoti wa mita 12 unatosha? Nawasilisha.

---

Waya_Mbili

Mkuu, fundi wako amekupa jibu bila kujua. Waya wa shaba wa milimita 0.5 una ukinzani wa ohm kama 170 kwa kila kilomita ukihesabu kwenda na kurudi. Ohm 1,700 maana yake waya wako una urefu wa kilomita 10. Hiyo ndiyo namba ya kuangalia, siyo zile 8 za ramani, kwa sababu kebo hufuata barabara, huingia makabatini na kuzunguka.

Sasa chukua hesabu ya ADSL. Waya huo hupoteza takriban dB 14 (desibeli, kipimo cha kufifia kwa mawimbi) kwa kilomita kwenye masafa ya kHz 300. Modemu nyingi huanza kuhangaika upotevu ukifika dB 60 na kitu, yaani kilomita nne na nusu, tano kwa kubahatisha. Wewe una kama dB 138. Ungebadilisha modemu thelathini ungeona taa ile ile ikimulika.

Kuna jambo la pili, na hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa: "mbona simu inasikika vizuri?" Simu kusikika vizuri hivyo kwenye kilomita 10 yenyewe inatia shaka. Laini ndefu za zamani ziliwekewa koili, kwa kawaida za mH 88 kila baada ya mita 1,830 hivi, ili sauti isififie. Koili hizo huisaidia sauti hadi kwenye kHz 3 na ushee, kisha hukata kila kilicho juu ya hapo. ADSL inaanzia kHz 25. Kwa hiyo kile kile kinachoipendezesha toni yako ndicho kinachoifungia mlango data. Ukiziondoa koili, sauti itafifia na data bado haitapatikana, maana kilomita ziko pale pale.

Kuna aina ya ADSL2 ya masafa marefu, Kiambatisho L, inayokusanya nguvu kwenye masafa ya chini. Inaongeza mita mia kadhaa ukingoni. Haiongezi kilomita tano. Dawa ya kweli ya shaba ni kampuni ya simu kuleta faiba hadi kabati la karibu na kuweka vifaa vya DSL humo, ili kipande cha shaba kibaki chini ya kilomita moja. Na wakishaleta faiba hadi hapo, afadhali wakuletee mlangoni: GPON (faiba moja inayogawiwa nyumba nyingi) inafika kilomita 20 bila kifaa cha umeme njiani. Peleka maombi, ukiwa na majirani kumi walioandika majina ndiyo bora, ila usikae ukisubiri. Shaba iache ibaki ya simu.

---

Masafa58

Naunga mkono, shaba achana nayo. Nizungumzie redio.

Kwa kilomita 8 kwenye GHz 5.8, upotevu wa angani ni dB 126 kasoro kidogo. Tuseme jumla ya nguvu inayotoka kwenye antena imebanwa kwenye dBm 36 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi; kikomo rasmi cha masafa utakayotumia kichukue TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na usidanganye nchi kwenye mipangilio ya redio). Ukiweka dishi za dBi 23 (dBi ni uwezo wa antena kukusanya mawimbi) pande zote, redio itume dBm 13, na upande wa pili utapokea kama dBm −67; namba ikikaribia sifuri ndiyo mapokezi bora. Inafanya kazi, ila akiba ni nyembamba. Ukiweka dishi za dBi 30, redio ishushe hadi dBm 6 ili kikomo kisivunjwe, na bado utapokea −60. Watu husahau hili: dishi kubwa halikuongezei ruhusa ya kutuma, linakuongezea sikio. Tena linaziba masikio kwa redio za jirani zinazotoka pembeni.

Anza na upana wa chaneli wa MHz 20. Kwa redio ya mikondo miwili unapata Mbps 70 hadi 80 za kweli, zaidi ya faiba uliyonayo. Kukimbilia MHz 80 ni kujikaribishia kelele bila faida.

Kulenga ndiko kunakochosha. Dishi la dBi 30 lina mwale wa nyuzi 5 tu. Elekeza kwa dira na ramani kwanza, kaza nusu. Mtu mmoja asimame, mwingine azungushe polepole kushoto na kulia hadi namba ipande, ishuke, na ipande tena. Utaona vilele vitatu: kikubwa katikati na vidogo viwili pembeni. Ukisimama kwenye kidogo, utapata −75 au −80 na kudhani kifaa ni kibovu. Ndiyo maana hesabu inafanywa kabla ya kupanda juu. Ukijua kwamba unatakiwa kuona −60, hutaridhika na −76. Ukimaliza ulalo, rudia kwa kuinua na kushusha, kisha nenda upande wa pili ufanye vile vile. Usiguse pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Mvua isikutishe. Kwenye GHz 5.8 mvua kubwa ya kilomita 8 kwa kawaida hula dB chache tu. Link inayokufa kila mvua ikinyesha mara nyingi ina maji ndani ya konekta, au inapita kwenye majani.

---

Dau_la_Mbegani

Asante sana wakuu, shaba nimeitoa kichwani. Masafa58, hapo kwenye majani ndipo penye shida yangu. Mlingoti wa mita 12 utakuwa chini ya vichwa vya minazi. Mawimbi hayapenyi kwenye makuti?

---

Kusi_na_Kaskazi

Hayapenyi, na siku ya kwanza yatakudanganya kwamba yanapenya. Utafunga kiangazi, minazi imetulia, utapata −74 na kushangilia. Upepo wa kusi ukianza kuyumbisha makuti, namba itacheza dB 10 hadi 15 kila sekunde. Majani yakilowa, kwaheri.

Tena haitoshi mstari wa macho kupita juu ya minazi. Mawimbi yanahitaji nafasi kuuzunguka mstari huo, nene katikati, nyembamba ncha zote mbili. Katikati ya njia, kilomita ya 4, nusu ya unene wake ni mita 10, na angalau mita 6 zinatakiwa ziwe wazi. Ongeza karibu mita 1 ya mbinuko wa dunia. Mita 200 kutoka kwako unahitaji mita 2 tu juu ya majani. Kwa hiyo pale kwenye minazi mstari lazima uwe mita 20 kutoka ardhini, na kwa kuwa upande wa mjini ni mita 15, mlingoti wako unatoka mita 20. Mlingoti wa mita 20 kwenye mchanga wa pwani, wenye dishi la upana wa sentimita 65 linalokamata upepo, unataka nyaya za kuushikilia ngazi tatu, nanga za zege pande tatu, na ulizo la kibali halmashauri na mamlaka ya usafiri wa anga. Na minazi inarefuka.

Ushauri wangu: badilisha mahali pa antena, siyo urefu wake. Ukiwa na jirani mwenye mnara wa tangi la maji upande wa ufukweni, mbele ya minazi, hata wa mita 14, kazi imekwisha. Bomba la zinki la inchi 2 likamatwe kwenye miguu ya tangi kwa yubolti mbili zilizoachana angalau nusu mita, la sivyo kusi italizungusha dishi taratibu na utashangaa namba inashuka kila wiki. Kutoka tangini hadi nyumbani ni mita 250, na ethaneti inaishia mita 100, kwa hiyo pitisha faiba ya nje ya modi moja yenye waya wa kujibeba, na kigeuzi cha faiba kila upande. Faiba ya kioo haileti radi ndani ya nyumba. Ila ule waya wake wa chuma ukate nje na uupeleke kwenye eathi, usiuingize ukutani.

Chumvi. Mita 50 kutoka majini, bolti za rangi ya fedha za dukani zinaliwa mwaka mmoja tu. Tafuta chuma cha pua daraja la 316 au chuma kilichozamishwa kwenye zinki iliyoyeyushwa. Waya wa ethaneti uwe wa shaba tupu na wa nje. Ule wa alumini uliopakwa shaba unashusha volti, na redio inajizima na kujiwasha usiku bila sababu ya kuonekana. Acha mzingo wa waya chini ya redio ili maji yadondoke kabla ya kuingia. Eathi: fimbo moja kwenye mchanga mkavu ni mapambo. Piga tatu za mita 1.5, ziachane mita 2 au zaidi, ziunganishwe kwa waya wa milimita za mraba 16, na upime: lengo ni chini ya ohm 10.

Halafu kuna bahari. Njia yako inapita juu ya maji, na maji ni kioo. Redio inapokea mawimbi mawili: yaliyonyooka na yaliyogonga maji. Bamvua la huku ni zaidi ya mita 3 kati ya kujaa na kupwa. Kwa urefu wa antena tuliotaja, hiyo inabadilisha tofauti ya safari hizo mbili kwa sentimita 2 hadi 2.5, na wimbi zima lina sentimita 5.2. Nusu wimbi inatosha kuyafanya yasaidiane asubuhi na yauane mchana. Kuinamisha dishi hakusaidii, kwani mwale uliogonga maji unaachana na ule mwingine kwa chini ya nusu ya nyuzi. Kupandisha antena nusu mita pia hakusaidii. Ungehitaji mita 6 au 7. Kinachosaidia ni kujua mawimbi yanagonga wapi. Antena za mita 15 na 14 zinagongesha karibu katikati, kilomita ya 4 na kidogo. Fungua picha ya setilaiti, weka kidole hapo. Kama ni mikoko, umebahatika: majani yanatawanya mwale usikurudie. Hakikisha tu mikoko hiyo haizidi mita 7. Kama ni maji matupu, shusha antena moja na uinue nyingine. Sehemu ya kugonga itasogea kuelekea ile iliyo chini.

---

Betri_Kavu

Mambo matatu ya haraka.

Umeme. Redio wati 8, ruta na vigeuzi wati 10. Saa 8 za kukatika ni Wh 144. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na Ah 20 ina Wh 256, inatosha. Ile ya gari usiitumie. Na angalia PoE (umeme unaopita kwenye waya wa ethaneti): redio nyingi za aina hii zinataka volti 24 za moja kwa moja, swichi za ofisini zinatoa 48. Soma kibandiko kabla ya kuchomeka.

4G usiitupe, iwe ya akiba. Nunua ruta ya nje yenye antena ndani yake, uipandishe kwenye hilo hilo tangi. Antena ya paani yenye waya mwembamba wa RG58 wa mita 10 inapoteza dB 7 au 8 kwenye MHz 1800, yaani umenunua antena ili kulipa waya. Angalia RSRP (nguvu ya mawimbi ya 4G inayoonyeshwa na ruta): −95 ni ya kufanyia kazi, −115 siyo. Ila jioni ikifa wakati RSRP haijabadilika, mnara umejaa watu, na hakuna antena itakayokusaidia.

Sheria. Mpe taarifa mwenye huduma ya faiba kwamba laini ya ndugu inahudumia nyumba mbili, mikataba mingine inakataza. Na jirani mwenye tangi akitaka naye, mgawie uwezavyo kwa makubaliano na mtoa huduma, lakini ukianza kumtoza kila mwezi umekuwa mtoa huduma chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na TCRA watataka leseni.

---

Dau_la_Mbegani

Tangi lipo, la chuma, mita 14 hadi ukingo wa juu, mwenyewe amekubali. Picha ya setilaiti kwenye kilomita ya 4 inaonyesha ukingo wa mikoko: nusu majani, nusu maji. Nalipima vipi hilo la mawimbi kugonga maji kabla ya kuvuta faiba ya mita 250?

---

Kusi_na_Kaskazi

Funga dishi mbili kwanza, redio ya tangini iwashe kwa betri na paneli ndogo ya jua. Iandike nguvu ya mapokezi kila dakika 10 kwa siku 15, bamvua hadi bamvua, kisha linganisha na jedwali la maji kujaa na kupwa. Ikicheza dB 3 au 4, vuta faiba. Ikidondoka 15 kwa saa zile zile za maji, ya tangini ishushe hadi mita 10 na upime tena, ukiangalia kwanza kama mikoko ya upande wako inakuruhusu.