Mjadala: Asiyekuja jumuiya, anyimwe barua ya ubatizo, ndoa na mazishi?

Mtoa mada
Tumsifu Yesu Kristo. Katika parokia nyingi za Kikatoliki hapa Tanzania, anayetaka mtoto abatizwe, anayetaka kufunga ndoa na familia inayomhitaji padri msibani, wote huambiwa walete barua ya Jumuiya Ndogo Ndogo, yaani kikundi cha waumini majirani wanaosali pamoja kila Jumamosi. Mahali pengine, kabla ya kuandika barua, katibu hufungua daftari: umehudhuria mara ngapi, zaka umelipa, mchango wa ujenzi je? Ni haki? Karibuni, ila tuje na hoja.

Katibu wa Kanda
Milele na milele, amina. Ni haki. Parokia ina waumini maelfu, mapadri wawili au watatu. Paroko atamjuaje kila anayegonga mlango wa ofisi? Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973, na wakarudi kwenye jambo hilo mwaka 1976, waliona Kanisa la eneo letu halitasimama bila jumuiya za mtaani, watu wanaojuana kwa majina. Kanuni ya 868 ya Sheria ya Kanisa inadai kuwe na tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Tumaini hilo paroko atalisoma wapi, kwenye cheti cha kuzaliwa? Majirani ndio wanaojua. Na Waebrania 10:25 inatukataza kuacha kukusanyika pamoja. Mtu hajaonekana miaka mitano, leo ana msiba ndio anauliza mwenyekiti anakaa wapi!

Mwanakanuni
Katibu, kanuni umeitaja vizuri lakini umeishia njiani. 868 inaendelea: tumaini hilo likikosekana kabisa, ubatizo uahirishwe na wazazi waelezwe sababu. Kuahirisha si kunyima, na mwenye kuahirisha ni paroko, si mwenyekiti. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa, anabatizwa bila kuchelewa, barua au hakuna barua. Halafu soma 843: wahudumu hawawezi kuwanyima sakramenti wanaoziomba kwa wakati ufaao, wenye maandalizi yanayotakiwa, wasiozuiwa na sheria. Sioni daftari humo.

Kwa mazishi mambo yako wazi zaidi. Kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa: walioasi imani, wazushi na wafarakano wanaojulikana hadharani, waliochagua kuchomwa miili kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kikanisa kungeleta kashfa kwa waumini. Hata hao, wakionyesha dalili za toba kabla ya kufa, wanazikwa. Penye shaka anaulizwa askofu. Mvivu wa Jumamosi hayumo. Mwenye deni la matofali hayumo. Na 1181 inaonya maskini wasikose mazishi yanayostahili.

Kwa hiyo barua ni ushahidi na iandikwe kama ushahidi: familia hii tunaifahamu, inakaa mtaa huu tangu mwaka fulani, tumeona hivi na hivi. Kama hamuifahamu, andikeni "hatuifahamu", paroko aendelee mwenyewe. Neno "hatujapitisha" halina nafasi kwenye karatasi ile.

Mama Mweka Hazina
Wanaume mnapigana na kanuni, ugonjwa uko kwenye mistari ya daftari. Chukueni daftari la jumuiya yoyote mtazame. Safu ya kwanza jina, ya pili mahudhurio, ya tatu zaka, ya nne ujenzi, ya tano rambirambi. Vyote ukurasa mmoja! Anayesoma jina la mtu anasoma na deni lake papo hapo. Ndiyo maana asiye na hela huacha kuja kabisa: anajua ukurasa wake utasomwa. Tunaandika "mtoro" kwa mtu ambaye kosa lake ni mfuko mtupu.

Tena hesabu yenyewe ina kasoro. Mwaka una Jumamosi 52. Jumuiya ikidai robo tatu, hiyo ni mara 39. Muuguzi au mlinzi ambaye zamu inamshika Jumamosi moja na kumwachia nyingine, ataweza 26 tu hata akiwa mtakatifu. Kikao ni saa 12 asubuhi, na yeye saa hiyo ndio anatoka lindo. Mpangaji naye akihama Mbagala kwenda Kimara anaanza sifuri, kwa sababu jumuiya alikotoka hawakumwandikia barua ya uhamisho.

Dawa ni madaftari mawili. La mahudhurio akae nalo katibu, la fedha mweka hazina, na mahudhurio yahesabiwe kwa nyumba. Akija mtoto wa darasa la sita, nyumba imekuja.

Mwanausharika (KKKT)
Natoka upande wa pili, kwa Walutheri, lakini mzigo ni uleule, kwetu ni bahasha za sadaka na ahadi za michango. Ungamo letu la imani, lile la Augsburg la 1530, linasema Kanisa ni kusanyiko la watakatifu, ambamo Injili inafundishwa kwa usafi na sakramenti zinatolewa ipasavyo. Kusanyiko ni la lazima, sawa. Bahasha haikutajwa.

Mwezeshaji wa Biblia
Naona mmesahau kuuliza kwa nini watu hawaji. Ile njia ya hatua saba ya kusoma Biblia pamoja, kutoka taasisi ya kichungaji ya Lumko, Afrika Kusini, ina mpango wake: kumwalika Bwana, kusoma, kuchagua neno fupi na kulitamka mara tatu, kukaa kimya, kushirikishana, kutafuta pamoja la kutenda, kusali. Hatua ya tano ndiyo roho yake, na ndiyo inayokufa kwanza. Pigeni hesabu: watu 15 kwa dakika mbili kila mmoja ni nusu saa. Watu 60 ni saa mbili. Basi wawili watatu wanaojua kusema wanasema, wengine wanaangalia saa, ya sita inarukwa, na muda uliobaki unakwenda kwenye matangazo ya michango. Jumuiya ikipita nyumba 20 igawanywe. Viongozi hawapendi, maana kugawanya ni kugawanya na mfuko.

Katibu wa Kanda
Madaftari mawili nimeyakubali, mama. Lakini msibani nani atapika, nani atachimba kaburi? Waliohudhuria!

Mwanakanuni
Hapo umechanganya vitu viwili, mzee wangu. Mfuko wa rambirambi ni wa waliouchangia. Mkiamua kwamba asiyechangia hapati fedha zake, hilo ni patano lenu, mradi limeandikwa na kila mtu analijua kabla ya msiba. Ibada ya mazishi haitoki kwenye mfuko ule. Padri si mali ya jumuiya.

Katibu wa Kanda
Na ndoa? Hapo sitoi hata hatua moja.

Mwanakanuni
Kwenye ndoa nipo na wewe. Kanuni ya 1069 inawabana waumini wote: anayejua kizuizi amwambie paroko kabla ndoa haijafungwa. Kama bwana harusi ana mke aliyemwacha Sumbawanga, padri aliyeletwa juzi hatajua, ila jumuiya inayokaa naye ukuta kwa ukuta inaweza kujua. Barua hiyo iulizwe kwa makini, isainiwe na wawili, iende kwa paroko ikiwa imefungwa. Na mle ndani pasiwe na idadi ya Jumamosi.